Jina Si Utambuzi: Kamusi za Kiswahili na Sifa za Maumbile ya Reptilia na Amfibia

1.0 Utangulizi

Methali isemayo kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka hufundishwa shuleni kuwa methali ya woga na tahadhari. Kwa mwanaisimu methali hiyo ina jambo jingine pia: inazungumzia utambuzi. Ung'ongo na nyoka hushirikiana sifa chache za nje. Vyote viwili ni vyembamba, ni virefu, na huonekana vimelala chini. Aliyekwisha kuumwa huzitegemea sifa hizo chache, akakosea. Asingekosea kama angepata nafasi ya kuziangalia sifa nyingine, kwani ung'ongo hauna kichwa, hauna jicho wala magamba.

Makala haya yanashikilia kwamba kamusi za Kiswahili, pamoja na maandishi mengi ya elimu yanayozitegemea, zimebaki katika hatua ya ung'ongo. Zinalitaja jina la mnyama, zinalipanga katika ngeli yake, kisha zinalifafanua kwa sifa moja au mbili ambazo mnyama huyo hushirikiana na wenzake kumi. Msomaji huondoka akiwa na jina, lakini hana uwezo wa kumtambua mwenye jina. Katika vidahizo vingi upungufu huo ni wa kuvumilika. Katika majina ya nyoka haufai kuvumiliwa, kwa kuwa palipo na sumu kosa la utambuzi huweza kugharimu uhai.

Ukubwa wa suala hili hauhitaji kutiwa chumvi. Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu utokanao na sumu hiyo ifikapo mwaka 2030. Kwa makadirio ya shirika hilo, watu kati ya 81,000 na 138,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuumwa na nyoka. Wengi wao ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini. Katika Afrika Mashariki, Kiswahili ni moja ya lugha kuu ambazo watu wa namna hiyo hutumia kumweleza mganga wa zahanati kile walichokiona.

2.0 Ushahidi wa Kasa

Kabla ya kuilaumu lugha, ni haki kwanza kuonyesha kwamba lugha yenyewe haina kosa. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka baharini. Pwani ya Afrika Mashariki hutembelewa na aina tano za kasa, na Kiswahili kina jina kwa kila moja: kasa uziwa, ng'amba, duvi, kigome na noa. Majina hayo hayakutungwa na kamati. Yalitoka kwa wavuvi, na leo hutumika katika shughuli za uhifadhi kwa kuoanishwa na majina ya kisayansi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mipaka baina ya majina hayo inakaribiana mno na mipaka ambayo wanasayansi huichora kwa kuhesabu magamba. Ng'amba hutambulika kwa mdomo uliochongoka kama wa ndege mla nyama, na kwa magamba ya mgongoni yanayopandana kama vigae vya paa. Kasa uziwa ana magamba yasiyopandana, na mbele ya macho yake kuna jozi moja tu ya magamba marefu, ilhali ng'amba ana jozi mbili. Wote wawili wana jozi nne za magamba makubwa ya ubavuni. Duvi ana kichwa kikubwa na kwa kawaida ana jozi tano. Kigome ni mdogo kuliko wenzake na kwa kawaida ana jozi sita au zaidi. Noa, aliye mkubwa kuliko wote, hana magamba hayo kabisa. Mgongo wake umefunikwa na ngozi nene yenye matuta saba yaendayo urefu.

Kwa nini lugha ikawa makini kiasi hicho kwa kasa? Sababu ni matumizi. Gamba la ng'amba lilikuwa bidhaa ya pwani hii tangu kale. Maandishi ya Kiyunani ya karne ya kwanza yajulikanayo kama Periplus yanalitaja miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa huku. Hata neno ng'amba lenyewe hutumika kwa mnyama na kwa gamba lake pia. Mvuvi aliyeshindwa kumtofautisha ng'amba na uziwa alipata hasara, na palipo na hasara lugha hunoa makali yake. Kwa hiyo dai kwamba Kiswahili kimezaliwa bila uwezo wa kubainisha wanyama hawa halina msingi. Uwezo upo, na kinachokosekana ni kuuandika.

3.0 Nyoka wa Kijani ni Yupi?

Kutoka baharini inafaa sasa kupanda mitini. Katika misitu na mashamba ya mwambao, mtu anaweza kumwona nyoka mwembamba wa kijani akipita katika matawi ya mkorosho au mwembe. Akilitafuta jina lake atakutana na neno ukukwi, ambalo kwa desturi hufafanuliwa kuwa nyoka mwembamba wa kijani akaaye mitini. Ufafanuzi huo unaonekana kutosha hadi pale inapofahamika kwamba unawaenea nyoka wa makundi matatu yaliyo tofauti sana kwa hatari yao.

Kundi la kwanza ni nyoka wa jenasi Philothamnus, ambao hawana sumu ya kumdhuru binadamu. Ni wembamba mno, macho yao ni makubwa, na magamba yao ya mgongoni ni laini. Wa pili ni nyoka ambaye Kiafrikana humwita boomslang, yaani nyoka wa mti, na ambaye jina lake la kisayansi ni Dispholidus typus. Kichwa chake ni kifupi na butu, jicho lake ni kubwa sana kwa kulinganisha na kichwa hicho, na kila gamba la mgongoni lina mwinuko mfano wa mgongo wa jahazi lililopinduliwa. Si wote walio wa kijani, kwani majike wengi huwa na rangi ya kahawia. Sumu yake huharibu ugandaji wa damu, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi hata mgonjwa akadhani amepona. Wa tatu ni Dendroaspis angusticeps, nyoka wa kijani wa jamii ya koboko. Kichwa chake ni kirefu na chembamba, jicho lake si kubwa, magamba yake ni laini, na ndani ya kinywa chake ni weupe. Sumu yake hushambulia neva, nayo haingoji.

Tofauti hizo si za wataalamu wa maabara peke yao. Zina uzito katika matibabu. Dawa ya kuzuia sumu iliyotengenezwa Afrika ya Kusini kwa ajili ya nyoka wa aina nyingi, wakiwamo jamii ya koboko, swila na kifutu, haifanyi kazi kwa sumu ya boomslang, ambayo ina dawa yake ya pekee. Mgonjwa anaposema ameumwa na nyoka wa kijani, kauli yake inabeba uwezekano wa aina tatu: hakuna hatari, kuna hatari inayochelewa, au kuna hatari ya saa hiyo hiyo. Ni kweli kwamba mganga mwangalifu huongozwa na dalili kuliko maelezo. Hata hivyo, neno moja zaidi juu ya jicho au kichwa lingemsaidia kujua dalili gani azitazamie, na kwa muda gani asimruhusu mgonjwa kurudi nyumbani.

Kasoro ya kamusi hapa ni ya kinadharia kabla ya kuwa ya kiutendaji. Fasili iliyo kamili ina sehemu mbili. Ya kwanza huliweka neno katika jamii yake, na ya pili hulitenga na wanajamii wenzake. Fasili zinazoanza kwa maneno "aina ya nyoka" na kuishia kwa rangi au kwa maneno "mwenye sumu" hutimiza sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili. Kitu kilichowekwa katika jamii bila kutengwa na wenziwe bado hakijafasiliwa.

4.0 Mamba Asiyekuwa Mamba, Mweusi Asiyekuwa Mweusi

Kasoro hiyo inapokutana na tafsiri, huzaa kubwa zaidi. Miongoni mwa nyoka wanaoogopwa sana barani ni Dendroaspis polylepis, ambaye katika maeneo mengi ya Tanzania huitwa koboko. Kiingereza hakikuwa na jina lake, kikaazima neno la Kizulu imamba na kuliongezea sifa ya weusi. Baadaye wafasiri wasiotazama walilichukua jina hilo la Kiingereza na kulirudisha Afrika Mashariki kama "mamba mweusi."

Matokeo yake ni kosa juu ya kosa. Kwanza, mamba katika Kiswahili ni mnyama wa mtoni mwenye miguu minne. Msomaji wa kijijini akisoma kwamba mamba mweusi hukaa katika vichuguu na mapango ya mawe, ana haki ya kucheka au kuitilia shaka karatasi nzima. Pili, nyoka huyo si mweusi kwa nje. Rangi yake ni ya kijivu, kahawia au zeituni, na tumbo lake ni jeupejeupe. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake, ambacho hukifumbua anapotishwa. Kwa hiyo mtu aliyefundishwa kumwogopa "mamba mweusi" anaweza kumpita koboko wa kijivu pasipo wasiwasi, huku akimkimbia nyoka mweusi asiye na madhara.

Hapa pana funzo jingine la kiisimu. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kulinganisha na vitu: majani, kahawa, jivu, udongo, zeituni. Katika mazungumzo ya kawaida -eusi hubeba pia vivuli vingi vya giza. Mtu anaposema "nyoka mweusi" hasemi uongo hata kama nyoka huyo alikuwa wa kahawia iliyokolea. Anaitumia lugha yake ipasavyo. Kwa sababu hiyo, rangi haifai kuwa nguzo ya utambuzi katika fasili ya Kiswahili. Inafaa kuwa sifa ya kusaidia, baada ya umbo la kichwa, ukubwa wa jicho, hali ya magamba, na uwiano wa urefu na unene.

5.0 Tukio la Chicago

Inawezekana kudai kwamba suluhisho ni kuteua sifa moja iliyo thabiti na kuitegemea hiyo. Historia inalikataa dai hilo kwa ukali. Mnamo mwezi Septemba mwaka 1957, bustani moja ya wanyama mjini Chicago ilimpeleka nyoka mchanga aliyetoka Afrika katika jumba la makumbusho ya historia asilia la mji huo ili atambuliwe. Aliyempokea alikuwa Karl Schmidt, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya reptilia wa karne yake. Umbo la kichwa na rangi zilimwonyesha kwamba huyu ni boomslang. Lakini gamba linalofunika tundu la haja, ambalo kwa kawaida boomslang huwa nalo limegawanyika mara mbili, kwa nyoka huyu lilikuwa zima. Sifa hiyo moja ikatia shaka. Katika kumshika, nyoka alimuuma kidoleni. Schmidt aliandika kwa utulivu dalili alizoziona mwilini mwake, na siku iliyofuata akafariki.

Kisa hiki hakipasi kusomwa kama kejeli dhidi ya wataalamu. Kinafundisha kwamba utambuzi ni ushahidi wa sifa nyingi kwa pamoja, na kwamba sifa moja, hata ikiwa imeandikwa katika vitabu vyote, inaweza kupotoka kwa mnyama mmoja. Boomslang yule alibaki boomslang kwa kichwa chake, jicho lake na magamba yake, ingawa gamba moja lilikataa kufuata kanuni.

Funzo hilo linagusa pia kanuni zinazoazimwa kutoka mabara mengine. Vitabu vya Marekani huwafundisha wasomaji wao kwamba nyoka wa sumu ana kichwa cha pembe tatu na mboni ya jicho iliyosimama wima kama ya paka. Kwa Marekani ya Kaskazini kanuni hiyo ina sehemu kubwa ya ukweli, maana nyoka wengi wa sumu wa huko ni wa jamii ya vipiri. Ikiletwa Afrika Mashariki inageuka mtego. Koboko na swila wana mboni za duara na vichwa visivyo vya pembe tatu, nao ni miongoni mwa nyoka wa kuogopwa. Chatu ana mboni ya wima, naye hana sumu hata chembe. Mfasiri anayeihamisha kanuni hiyo bila kuuliza imetungwa wapi na kwa nyoka gani anahamisha kifo.

6.0 Chura na Wasio na Jina

Kwa upande wa amfibia hatari kwa binadamu ni ndogo, lakini tatizo la fasili ni kubwa vilevile. Neno chura hutumika kwa wanyama ambao lugha nyingine huwagawa katika makundi mawili au zaidi. Wako wenye ngozi kavu yenye vijipele, miguu mifupi, na tezi mbili zilizovimba nyuma ya macho. Wako wenye ngozi laini yenye unyevu na miguu mirefu ya kurukia. Na wako wa mitini, ambao ncha za vidole vyao zimetanuka mfano wa visahani vya kushikia majani. Si lazima kila kundi lipewe jina jipya. Ni lazima, hata hivyo, fasili ya chura isiwe nyembamba kuliko chura wenyewe.

Mfano mzuri ni chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis. Chura huyo mdogo wa rangi ya manjano, asiyefikia sentimita 3, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mahali paliponyunyiziwa maji ya maporomoko muda wote. Makazi yake yote hayakuzidi hekta chache. Baada ya maji ya mto kuelekezwa katika mitambo ya umeme, idadi yake ilianguka. Baadhi yao walipelekwa Marekani kuzalishwa, mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini, na kuanzia mwaka 2012 akaanza kurudishwa. Kwa mwanaleksikografia, jambo la kutazama ni hili: chura wa Kihansi hatagi mayai majini, na maisha yake hayapitii kwa kiluwiluwi anayeogelea. Huzaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura. Fasili yoyote inayosema kwamba chura hutaga mayai majini na kuanza maisha kama kiluwiluwi inamfukuza chura wa Kihansi katika jamii ya vyura, ingawa katika Tanzania nzima ni vyura wachache waliotajwa kwa jina mara nyingi kama yeye.

Wapo pia wanyama ambao Kiswahili sanifu hakijawapa jina lililokubalika. Katika vilima vya Taita nchini Kenya huishi Boulengerula taitana, amfibia asiye na miguu, akaaye chini ya udongo. Mkulima anayemfukua kwa jembe humdhani nyoka au nyungunyungu. Si nyoka, kwani mwili wake hauna magamba ya nje bali umezungukwa na mikunjo ya pete. Si nyungunyungu, kwani ana taya, ana meno na ana uti wa mgongo. Zaidi ya hayo, watoto wake hujilisha kwa kukwangua tabaka la nje la ngozi ya mama yao, jambo lililoripotiwa na wanasayansi mwaka 2006. Hapana shaka wenyeji wa milima hiyo wana neno kwa kiumbe wanayemfukua kila msimu. Kiswahili kingefaa kuwauliza wao kabla ya kukimbilia Kilatini.

7.0 Pingamizi na Majibu

Hoja zilizotangulia hazikosi wapinzani, na baadhi ya pingamizi zao ni za haki.

Pingamizi la kwanza husema kwamba kamusi ya jumla si kitabu cha zuolojia, na kwamba ikijaza sifa za kila mjusi itashindwa kuchapishwa. Jibu ni kwamba kinachodaiwa ni ubora wa maneno na si wingi wake. Maneno "aina ya nyoka mwenye sumu kali" ni sita. Maneno "nyoka mnene mwenye alama za V mgongoni" ni saba, nayo yanamtenga kifutu na nyoka wengi wa nchi kavu. Ongezeko la neno moja halitamfilisi mchapishaji.

Pingamizi la pili husema kwamba kumfundisha mwananchi kutambua nyoka ni kumchochea awakaribie. Hili lina uzito, na kisa cha Schmidt kinalithibitisha. Ndiyo sababu fasili inapaswa kuanza na sifa zinazoonekana kwa mbali: unene, urefu, namna ya kutembea, umbo la kichwa, mtindo wa kujihami. Hesabu za magamba ziachiwe wale wanaomchunguza mnyama aliyekwisha kufa au aliye ndani ya chupa. Aidha, anayejua kwamba nyoka aliye mbele yake hana sumu hana sababu ya kumwua, na baadhi ya wanaoumwa ni wale wanaojaribu kuua.

Pingamizi la tatu ni la kukata tamaa. Husema kwamba sayansi ya wanyama hawa imeandikwa kwa Kiingereza na Kilatini, na Kiswahili hakina nafasi humo. Ni kweli kwamba vitabu vikuu vya utambuzi wa reptilia wa Afrika Mashariki, kuanzia orodha ya Arthur Loveridge ya mwaka 1957 hadi mwongozo wa Spawls na wenzake wa mwaka 2002 uliotolewa upya mwaka 2018, ni vya Kiingereza. Lakini Loveridge mwenyewe alizoea kuandika majina ya wenyeji pembeni mwa maelezo yake, maana wenyeji ndio waliomletea wanyama. Na mwaka 2006, wanasayansi walipoona kwamba vinyonga kadhaa wa misitu ya milima ya Afrika Mashariki na ya Kati ni kundi la pekee, waliliita Kinyongia. Sayansi ya dunia ilikuja kuazima neno la Kiswahili kutaja jenasi nzima. Ni ajabu basi kwamba wenye neno ndio wanaosita kulifafanua.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na hoja hizo, mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, fasili za majina ya reptilia na amfibia zifuate mpangilio mmoja: jamii, umbo la mwili na kiasi cha urefu, kichwa na jicho, magamba au ngozi, rangi na alama, tabia ya kujihami, hatari kwa binadamu. Si lazima kila kidahizo kijaze nafasi zote, bali kijaze zile zinazomtenga mnyama na anayefanana naye. Kwa mfano:

koboko: nyoka mrefu mwembamba, huweza kuzidi mita 3, kichwa kirefu chenye pande zilizonyooka mfano wa jeneza, magamba laini, rangi ya kijivu, kahawia au zeituni, ndani ya kinywa ni mweusi, huinua sehemu ya mbele ya mwili na kufumbua kinywa anapotishwa, sumu yake huzuia misuli ya kupumua.

kifutu: nyoka mfupi mnene; kichwa kipana kilichotengana waziwazi na shingo; magamba yenye mwinuko; alama za V mgongoni zielekeazo mkiani; huenda polepole kwa mstari ulionyooka, hujivimbisha na kuvuma anapotishwa; sumu yake huvimbisha na kuozesha sehemu iliyoumwa.

Pili, visawe vya kimaeneo vikusanywe upya uwanjani, kwa kumwonyesha msemaji mnyama mwenyewe au picha yake, na si kwa kumsomea jina. Kifutu huitwa pia bafe au moma kwa kutegemea mahali. Fira na swila hutumika pengine kwa nyoka mmoja na pengine kwa wawili. Orodha ya majina iliyokusanywa kwa majina haiwezi kutatua utata wa namna hiyo, kwa sababu huuliza neno lijieleze kwa neno.

Tatu, vyombo vya istilahi vishirikiane na walimu wa zuolojia na watumishi wa afya. Kazi ya kuandaa istilahi za biolojia haianzi leo, kwani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kilichobaki ni kuziunganisha istilahi za darasani na maneno ya wavuvi, wakulima na wachunga ng'ombe.

9.0 Hitimisho

Waswahili husema kwamba katika msafara wa mamba, kenge nao wamo. Methali hiyo hutumika kuwasema watu wanaojipenyeza mahali pasipo pao, lakini msingi wake ni uchunguzi wa maumbile. Aliyeitunga alijua kwamba kenge na mamba hufanana wakitazamwa kwa mbali, na alijua pia namna ya kuwatenga. Kenge ana ulimi mrefu uliogawanyika ambao huutoa nje kila mara, ilhali ulimi wa mamba umeshikamana na sakafu ya kinywa na hautoki. Kenge ana shingo ndefu na magamba madogo, mamba ana mabamba mazito ya mgongoni.

Maarifa hayo yamo katika lugha, yamejificha ndani ya methali, ndani ya majina ya kasa, na ndani ya vinywa vya watu wanaoishi na wanyama hawa. Kamusi zilizopo zimeyapokea majina na kuyaacha maarifa mlangoni. Mtoto wa kijijini anayerudi kutoka kuokota korosho na kueleza alichokiona juu ya mti anastahili lugha iliyoandikwa kwa namna ya kumwuliza: jicho lake lilikuwaje, kichwa chake je? Kamusi ikiishia kumwambia kwamba ni aina ya nyoka, itakuwa imemwambia jambo alilolijua kabla hajaifungua.